Picha za Koti Zito

Kwako Kaka,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Natumaini u mzima, kifua hakikubani tena, na kazi zinakwenda. Sisi huku nyumbani tuko salama, kwa kadiri nyumba iliyofiwa inavyoweza kuwa salama. Baba hajambo. Magoti yanamsumbua akipanda ngazi, lakini kila asubuhi bado anakaa mbele ya cherehani yake ingawa hashoni kitu. Anaifuta vumbi, anaitia mafuta, anaifunika tena kwa kile kitambaa cha mama. Anakusalimu sana. Hajui kama nakuandikia, ila kwa kuwa haipiti siku bila yeye kukutaja, salamu zake nazileta bila wasiwasi.

Utashangaa kupata barua ya karatasi siku hizi. Nimeamua hivyo kwa sababu kwenye simu wewe ni hodari kunishinda. Nikianza tu kusema jambo, mara mtandao unakatika, mara kuna mtu anakuita, mara betri inakufa. Karatasi haina betri. Unaweza kuichana, hilo siwezi kukuzuia, lakini hutaweza kunikatiza.

Nianze na habari za picha, maana ndiyo kazi yangu, na hapo ndipo mambo yote yalipoanzia.

Unakumbuka mama alipofika pale pa kulala zaidi kuliko kukaa. Aliomba kitu kimoja tu kutoka kwako. Hakuomba uje. Alisema watu wana kazi zao, na ng'ambo si mtaa wa pili mtu aje na kurudi. Aliomba picha yako ya sasa, kubwa, aione bila miwani. Nikakupigia, nikakupa masharti yale yale ninayowapa wateja wangu: usinitumie picha kwa mazungumzo ya simu, maana ikipita huko inaminywa na kufika imenyauka; nitumie kwa barua pepe, faili zima, kama lilivyotoka kwenye kamera. Ukanitania kwamba siku hizi nimekuwa profesa wa picha. Lakini ulituma, na ukaendelea kutuma kwa njia hiyo hiyo kila nilipokuomba. Nataka ujue kwamba faili zima nilitaka kwa ajili ya ubora tu. Sikuwa na hila yoyote.

Mafaili yako yalikuja yanaishia na herufi HEIC, na kompyuta ya studio haikuyaelewa kabisa. Unaifahamu kompyuta yenyewe, ile ambayo ukiiwasha unaweza kwenda kunywa chai na kurudi ukaikuta bado inajikuna. Ikaniambia haijui vitu hivi. Mama alikuwa anasubiri, kwa hiyo nikakimbilia tovuti moja ya bure inayogeuza picha kuwa za kawaida, zile ambazo kila mashine inazifungua. Mtandao wa mtaani kwetu ni wa kubembelezwa. Nilipandisha picha moja tu, ile uliyosimama kwenye ngazi, ikarudi imepungua nusu, na kifuani kwako wamebandika jina la tovuti yao kama nambari ya mchezaji. Nikalifuta jina, nikaikuza picha mpaka pale ilipokubali.

Na uso wako nao nikaupangusa. Ulikuwa unang'aa kwenye paji la uso na juu ya mdomo, matone yanaonekana kabisa, na koti zito umelifunga mpaka shingoni. Nikajiambia ni kwa sababu huko kwenu nyumba zinapashwa moto. Kaka, mimi napiga watu picha mwaka nenda mwaka rudi. Najua jasho la taa na najua jasho la jua. Lakini siku ile nilikuwa dada mtu, na dada mtu haoni anachokiona mpiga picha. Nikalifuta jasho lako kwa kipanya, tone kwa tone, ili mama asije akadhani una homa.

Mama aliishika ile picha kwa mikono miwili. Akasema umekonda. Halafu kidole chake kikahama taratibu kutoka usoni mwako kwenda pembeni, kwenye ukuta wa vigae vya kijani ulio nyuma yako. Kuna kigae kimoja pale kimevunjika pembe, na palipovunjika pamezibwa kwa saruji. Akawa anapapasa hapo hapo. Nikamwuliza kama kuna kasoro, nikaichapishe upya. Akasema picha ni nzuri, niiache kama ilivyo.

Tangu siku ile akaanza mambo yake mawili. Taa ya nje iwashwe giza likiingia, na mlango usikomewe mpaka watu wote wameenda kulala. Baba alipomwuliza kulikoni, akasema mtu anaweza kupita. Tukadhani ni maneno ya ugonjwa. Mimi nikitia komeo, alikuwa anasikia kutoka kitandani, ananiita, ananiambia nilitoe. Nilifika mahali nikawa nakereka, nikamwambia kwamba wezi nao hupita. Akageukia ukutani.

Alipotutoka, ulilia kwenye simu mpaka baba akawa anakubembeleza wewe. Yeye ndiye aliyefiwa na mke, na bado alitafuta maneno ya kukupa. Ulisema wamekunyima ruhusa, ulisema ndege zimezuiwa na theluji, na baba akakujibu kwamba mama hakuzaa ndege, kwa hiyo usijiumize. Watu walicheka kidogo, kama watu wanavyocheka msibani.

Shangazi peke yake hakucheka. Unamjua shangazi, hana breki. Siku ya mazishi, mbele ya watu wote, alisema kwamba mtoto anayetaka kumzika mama yake huja hata kwa kutambaa. Baba akasimama. Sijapata kumwona baba akiinuka kwa kasi vile, na magoti yale. Alimwambia dada yake wa pekee atoke nyumbani kwake, na asirudi mpaka ajifunze kuheshimu mtoto wa mtu aliye mbali. Shangazi akachukua mkoba wake akaenda. Mpaka ninapokuandikia hawasalimiani. Wakikutana dukani, mmoja anageukia rafu za sabuni.

Jioni ile ile ukatuma picha umevaa shati jeusi, umeinamisha kichwa, ukasema na wewe uko msibani huko uliko. Baba aliipitisha simu kwa kila aliyekuwepo, mmoja mmoja, kama mtu anayeonyesha cheti. Alikuwa anasema: mnaona, yuko peke yake huko, hana hata wa kumshika mkono. Nami faili lake nikalipata kwa barua pepe, kama nilivyokuzoesha.

Wageni walipokwisha kuondoka, baba akanijia na ombi. Anataka picha zako zote zichapishwe na kutiwa fremu, zizunguke ya mama pale ukutani, juu ya cherehani. Na tena nimwekee zote kwenye simu yake, ile kubwa aliyonunuliwa na binamu. Siku hizi amejua kuipapasa. Akigusa picha, simu inamwambia ilipigwa lini na mtaa gani, na jambo hilo linamfurahisha kama mtoto. Alipiga picha cherehani yake, simu ikamtajia mtaa wetu, akaita majirani waje kuona jinsi mashine inavyojua anapokaa.

Basi nikawa na rundo la mafaili ya kugeuza, yako pamoja na ya mama. Simu yangu ni ile uliyoniletea ulipokuja likizo, ukoo mmoja na yako, kwa hiyo na picha nilizompiga mama kitandani zina herufi zile zile. Kurudi kwenye tovuti sikutaka hata kusikia. Mtandao ni ule ule, na zaidi ya hapo, mafaili ukiyapandisha huko yanakaa kwenye mashine ya watu usiowajua. Sikuona kwa nini uso wa mama yangu ukakae kwa watu wasiokuja kumzika. Nikaamua nitafute programu ya kuweka ndani ya kompyuta yenyewe, ifanye kazi hata waya wa mtandao ukichomolewa, na kitakachoingia studio kibaki studio.

Nikamwita Fundi Waya. Utakuwa hujamsahau, mlicheza naye mpira wa matambara mkiwa wadogo. Mpaka leo anatembea na nyaya shingoni kama daktari na kile chombo chake cha kusikilizia vifua. Akaja na programu tatu kwenye flashi, akaziweka zote, akaniambia nizijaribu kama mtu anavyojaribu viatu.

Ya kwanza ilikuwa nzuri sana kwa sura, rangi za zambarau, vitufe vya duara. Iliingia na jamaa zake wote: mchezo wa karata, utabiri wa hali ya hewa, na mwanamke mmoja anayetokeza pembeni kusema anataka kuongea nami. Ilipogeuza picha mbili tu ikagoma, ikadai iunganishwe na mtandao ili iendelee, na walikuwa wameapa kwamba haiuhitaji. Nikamwambia Fundi aitoe pamoja na huyo mwanamke wake. Ya pili ilifanya kazi bila mtandao kweli, lakini picha moja moja, na kila uso ulitoka wa manjano. Mama akawa kama mtu mwenye ugonjwa wa ini. Nikaiweka kando.

Ya tatu ilikuwa na sura ya karani mstaafu. Dirisha la kijivu, maandishi madogo, haina salamu. Lakini uliipa folda nzima ikaimeza, ikatoa picha safi, rangi zile zile, ukubwa ule ule, na haikuuliza swali. Pembeni mwa kila picha ilionyesha safu zake: jina la faili, ukubwa, tarehe na saa, na mwisho namba mbili ndefu za mahali picha ilipopigiwa. Fundi akanieleza kwamba simu yenyewe hupachika mambo hayo ndani ya picha pale unapobonyeza, isipokuwa mtu azime. Chini kabisa palikuwa na kisanduku kidogo. Ukikitia alama, maelezo hayo yanahamia kwenye picha mpya. Ukikiacha kitupu, yanafutwa, picha inatoka haina historia. Nikatia alama bila kufikiri. Mimi hupanga kazi zangu kwa tarehe, nikaona ni faida tupu.

Nikaijaribu kwanza kwa picha nilizopiga mwenyewe mlangoni pa studio, nikaona namba zake. Kisha nikaingiza zako. Kaka, namba zako na namba za mlango wangu zilifanana. Hazikuwa sawa mpaka mwisho, mikia ilitofautiana kidogo, lakini vichwa na viwiliwili vilikuwa vile vile. Picha zote za koti, hata moja haikukosa.

Unajua nilifanya nini? Niliilaumu programu. Nilimwambia Fundi Waya kwamba ameniletea kitu kibovu, kinachochukua namba za hapa dukani na kumpachikia kila mtu. Naye akanuna, maana programu ile amewasifia wateja nusu ya mji. Akasema tatizo si programu, tatizo ni mimi kupenda vitu vya zambarau. Nikamwambia airudishe ile ya manjano tuone. Akafungua kidirisha chake cha maelezo, namba zikawa zile zile. Nikamwambia basi programu zake zote zimezaliwa na mama mmoja, tena mwongo. Tukawa tunatupiana maneno kweli, mpaka mteja mmoja aliyekuja kupiga za kitambulisho akaahirisha.

Fundi, kwa hasira ya kutaka kunishinda, akachukua faili la dereva mmoja wa lori aliyeacha picha zake kwangu nizichapishe. Alizipiga mbali, nje ya mipaka, kwenye milima. Akaliingiza kwenye ile ya kijivu. Namba zikatoka ngeni kabisa, haziko hata karibu na zetu. Fundi akaanza kucheka ili anicheke, halafu akatazama namba za dereva, akatazama zako, akatazama za mlango wangu. Mtu yule asiyejua kunyamaza akakunja nyaya zake, akasema amekumbuka kuna printa inamsubiri mahali. Mlangoni akageuka, akanipa pole, kana kwamba nimefiwa mara ya pili.

Nilibaki peke yangu na ile ya kijivu. Nikafungua ya shati jeusi. Tarehe ilikuwa ya mazishi. Saa ilikuwa ile tuliyokuwa tunarudi kutoka makaburini, viatu vina udongo mwekundu, baba ameniegemea. Na mahali pakawa hapa. Ulikuwa msibani kweli, Kaka. Ulikuwa umbali wa safari moja ya basi.

Nilitaka iwe kosa la mashine hata hapo. Kesho yake nilifunga studio, nikaziandika namba zile kwenye ramani ya simu, nikazifuata. Zikanipitisha nyuma ya stendi kuu, kwenye maduka ya vipuri, mpaka kwenye lile jengo la ghorofa ambalo sasa wamelipaka rangi ya maziwa kwa nje. Ndiyo maana nilikuwa silitambui tena hata nikipita. Nikaingia. Ndani hawajapaka kitu. Vigae vya kijani vimepanda na ngazi mpaka juu.

Mlinzi ni mzee mcheshi, anapenda kuongea. Nilimwambia natafuta chumba cha kupanga, akanipa habari za kila mlango. Akasema ghorofa ya pili kuna kijana mpole, anafanya kazi ya kupakua mizigo kwenye ghala, alikuja kabla ya mvua za kwanza. Kabla ya mvua za kwanza, Kaka, mama alikuwa bado anakwenda bafuni kwa miguu yake. Akasema kijana yule ana kituko kimoja: kwenye jua kali anashuka na koti zito, anasimama kwenye ngazi, anamwomba ampige picha kwa simu. Mzee alidhani wewe ni mwigizaji unajifunza. Alijisifu kwamba yeye ndiye mpiga picha wako rasmi. Nikamwambia anajitahidi, ila asikate watu miguu. Akacheka sana.

Nikatoka uani. Koti lako lilikuwa kwenye kamba, limefuliwa, linatona maji juani kati ya shuka za watu.

Sikupanda juu. Nilikaa kwenye ngazi ya chini, na nilipokaa hapo ndipo nikakumbuka kwamba nimewahi kukaa pale pale. Tulikaa wote, wewe na mimi, tukiwa na sare za shule, tukimsubiri mama amalize. Hili ndilo jengo alilosugua miaka yote ile kabla ya mgongo wake kukataa. Kile kigae kilichovunjika pembe alikivunja yeye, ndoo ya chuma ilipomponyoka. Alituhadithia mara ngapi jinsi alivyotafuta saruji kwa mafundi wa jirani, akapaziba kwa kidole chake kabla msimamizi hajaona. Nilipogeuka nikakiona. Alama ya kidole bado ipo kwenye saruji. Nikaweka changu, kikaenea.

Mama alijua, Kaka. Hapo ndipo barua hii ilipokuwa inaelekea tangu mwanzo, na nimezunguka kwa sababu kalamu ilikuwa inakataa. Siku ile kitandani hakuwa anapapasa ukuta ovyo. Alikuwa anatazama kazi ya mkono wake mwenyewe, na wewe umesimama mbele yake na koti, unamwambia uko kwenye theluji. Alijua mtoto wake yuko upande wa pili wa mji. Hakumwambia baba, na mimi hakuniambia. Hakutaka uletwe kama mtu aliyekamatwa. Alitaka uje mwenyewe, ukiamua, na ukija usikute giza wala mlango uliofungwa. Ndiyo taa. Ndiyo komeo. Mtu anaweza kupita, alisema. Alikusubiri jioni baada ya jioni, na mimi nikamwambia habari za wezi.

Sikuulizi kwa nini. Huenda mambo ya ng'ambo yalikuharibikia ukaona haya kurudi mikono mitupu. Huenda ulisema utakuja wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa na ijayo yake. Nimekutafutia sababu zote ambazo dada anaweza kumtafutia kaka yake, na kila moja nikiifikisha kwenye kile kitanda inakufa. Mikono mitupu! Nani nyumbani kwetu aliwahi kukuuliza umebeba nini? Nina hasira na wewe, Kaka. Naiandika hivyo hivyo, usije ukasema nilikuficha. Kuna wakati natamani ungekuwa mbali kweli, hata mbali zaidi, mahali ambapo namba zingekataa kukufikia. Na kinachonichoma kuliko yote ni lile jasho. Nililifuta mimi, kwa mkono wangu, na ndilo kitu pekee cha kweli kilichokuwa kwenye picha ile.

Nimebakiwa na kazi ya baba. Nilirudi kwenye ile programu ya kijivu, maana ndiyo niliyoichagua na sina haja ya nyingine. Ndiyo ya kwanza iliyoniambia ukweli nami nikaitukana. Nikapakia picha zako zote. Nikakaa natazama kile kisanduku cha chini. Nikitia alama, picha zinakwenda na maelezo yake, na siku baba atakapokugusa kwa kidole, simu yake itamtajia mtaa wa nyuma ya stendi, na siku ya mazishi ya mkewe. Angejua alimfukuza dada yake kwa ajili ya nini. Nilitaka ajue. Nakwambia kweli nilitaka, kidole kilikuwa juu ya kipanya. Halafu, kupitia mlango wa nyuma wa studio unaoingia nyumbani, nikamsikia sebuleni anapima ukuta kwa ile futi yake ya kushonea, anaongea peke yake kuhusu wapi utakaa wewe na wapi atakaa mama.

Nikakiacha kitupu. Picha za baba zimetoka safi, hazina siku wala mahali. Zimeshatundikwa. Ametaka kujua kwa nini simu yake haimwambii miji ya ng'ambo kama inavyomwambia cherehani, nikamjibu kwamba ni kwa sababu ya umbali. Ameniamini. Kwa hiyo sasa tuko waongo wawili katika familia, na mimi nimeingia kwa ajili ya mzee yule, si kwa ajili yako. Mafaili yako ya asili yako kwenye flashi kwenye droo yangu, maelezo yake yote yamo.

Bahasha haina stempu, hilo utakuwa umeshaliona. Nitaipenyeza mwenyewe chini ya mlango wako kesho mchana ukiwa ghalani, na mlinzi nitamwambia chumba kile sikukipenda.

Baba anakusalimu tena, ameniita sasa hivi kuniuliza kama nadhani umekula. Binamu anakusalimu. Shangazi hakusalimu, na mwaka huu amekuwa na haki kuliko sisi sote. Fundi Waya hajasema neno kwa mtu, unaweza kumpigia umshukuru.

Taa ya nje bado inawashwa, na mlango haukomewi mpaka watu wameenda kulala. Baba anasema ni agizo la marehemu, na yeye hataki kulivunja ingawa halielewi. Nakwambia usije ukadhani vingine siku ukiupita: anayeuacha wazi ni baba. Ingekuwa mimi, ningeshaukomea.

Ni mimi mdogo wako,
Kidole, jina ulilonipa wewe, siku niliyoziba kamera kwa kidole nikijaribu kukupiga picha ya kwanza.